Uliza Fundi wa Picha: Bwana harusi ameota mvi

Barua za mwezi huu karibu zote zinalalamikia kitu kimoja, filta ya kunoa picha. Nimechagua nne. Iwe unatumia GIMP au Photoshop, zote programu za kuhariri picha, ugonjwa ni uleule, vitufe tu ndivyo vinavyohama hapa na pale.

*Hajati, asalaam aleikum. Nina studio ndogo hapa Busia. Juzi nilipiga picha za kwanjula, sherehe ya wachumba kutambulishwa kwa familia, mwenzangu naye akapiga zake akanitumia kwa WhatsApp. Zote nikazipitisha kwenye filta ya kunoa ya GIMP. Sasa vichwa vya watu vimezungukwa na mstari mweupe, kanzu zina mstari mweusi kwa nje kama zimekatwa kwa mkasi zikabandikwa. Shavu la bibi harusi lina vijisanduku. Programu nimeifuta nikaiweka upya mara mbili, hali ni ileile. Filta imeharibika, au kompyuta ndiyo imechoka? Nimeambatisha moja uione.*
*Mwenye studio, Busia*

Waaleikum salaam, kaka. Iache hiyo programu, haina kosa. Picha yako nimeifungua nikaivuta mpaka kwenye bega la yule mzee aliyekaa mbele. Mstari mweusi nje ya kanzu yake una upana wa pikseli sita hivi, yaani zile nukta ndogo zinazounda picha. Nikajua: huyu bwana aliacha kipimo cha kwanza kama alivyokikuta, cha pili akakipandisha mpaka roho ikatulia.

Filta haijui kanzu, haijui mti. Inatengeneza nakala ya picha yako iliyofifishwa, inaiweka sambamba na asili, inatazama zinatofautiana wapi, kisha tofauti hiyo inaikuza na kuirudisha juu ya asili. Ukutani au angani nakala na asili zinafanana, kwa hiyo hapaguswi. Kazi yote iko mipakani, pale kitambaa cheupe kinapokutana na majani.

Twende kwa namba za mfano, 0 ikiwa jeusi kabisa na 255 jeupe kabisa. Upande wa giza una 100, upande wa mwanga una 200. Kwenye nakala iliyofifishwa rangi zimeingiliana, ile 100 iliyo jirani na mpaka imekuwa 140 na ile 200 imekuwa 160. Tofauti ni 40 kila upande. Ukiweka nguvu 0.5 unachukua nusu ya 40, giza linashuka hadi 80 na mwanga unapanda hadi 220. Jicho linaona mpaka umekaza, linafurahi. Sasa weka nguvu 3. Giza linatakiwa lishuke 120, litoke wapi? Linagota sufuri, jeusi tii. Mwanga unatakiwa ufike 320 wakati mwisho wa hesabu ni 255, unakuwa mweupe kama karatasi tupu. Huo ndio mstari wako, na ungeiweka upya programu hata mara kumi ungekuwa palepale.

Jina la filta yenyewe, Unsharp Mask, huwachanganya wengi. Inakuwaje kitu cha kunoa kiitwe maski butu? Jina limetoka chumba cha giza. Mjomba wangu, aliyenifundisha kazi hii nyuma ya duka lake, ndiye aliyenieleza: walikuwa wanatoa nakala hafifu ya negativu kwenye filamu nyingine, kwa makusudi wanaiacha iwe na ukungu, halafu wanazibana pamoja na kuchapa kwenye karatasi yenye mkazo zaidi. Yeye mwenyewe hakuwahi kufanya. Filamu ilikuwa ghali, na wateja wake walitaka picha za pasipoti saa hiyohiyo.

Vipimo viko vitatu. Kilichoandikwa Radius mimi nakiita upana, ni umbali ambao ule ukungu wa nakala unasambaa. Amount ni nguvu. Threshold ni kizingiti, maana yake tofauti iliyo ndogo kuliko hapa isiguswe. GIMP hufungua filta hii ikiwa na upana 3, nguvu 0.5, kizingiti 0. Upana 3 kwa picha ya sherehe ni mkubwa. Anza na 0.8 au 1. Nguvu iwe kati ya 0.5 na 0.8. Kizingiti kwenye GIMP za sasa kinahesabiwa kutoka 0 hadi 1 na si hadi 255 kama Photoshop, kwa hiyo ukisoma ushauri wa watu wa Photoshop kwamba weka 4, usishangae GIMP ikikukatalia. Jaribu 0.02. Uso laini unaachwa, kope na nyusi zinanolewa.

Na tafadhali itazame picha kwa asilimia 100. Kwenye GIMP bonyeza namba 1 kwenye kibodi, basi. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu limenikuta. Miaka ya nyuma nilipiga harusi ya majirani hapahapa Bombo. Nikakaa usiku na laptop, picha nzima nimeibana itoshe kwenye skrini, yaani naiona kama robo ya ukubwa wake. Kila nikinoa naona bado, nikanoa tena. Ikachapwa bango la sentimita 60, ikatundikwa sebuleni. Mama wa bwana harusi akasimama mbele yake muda mrefu, mikono kiunoni, akaniuliza taratibu: "Binti yangu, mwanangu juzi alikuwa na miaka ishirini na sita. Hizi mvi amezipata usiku wa harusi?" Ni kweli, kila ncha ya nywele ilikuwa imepigwa weupe. Niliichapa upya kwa pesa zangu. Mpaka leo kuna watu hapa Bombo wananiita Mama Mvi, nami naitika.

Kosa langu jingine siku ile, nawe nahisi umelifanya, ni kubonyeza Ctrl na F. Kwenye GIMP vitufe hivyo hurudia filta ya mwisho bila kuuliza. Ukirudia mara tatu hujapata mara tatu ya kidogo, kwa sababu kila mzunguko unanoa mistari iliyozaliwa na mzunguko uliopita. Ukiwa na GIMP 3, iliyotoka mwaka 2025, filta inaweza kukaa pembeni ya leya, yaani tabaka la picha, bila kugusa picha yenyewe, unairudia kesho na kuipunguza. Kama bado una 2.10, rudufu leya kwanza, unoe nakala, ukizidisha uishushe Opacity yake, yaani uzito wake.

Sasa vijisanduku vya shavuni. Hivyo havikutoka kwako, vimetoka kwa mwenzako. JPEG, aina ya faili la picha, huigawa picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8 na kuibana miraba hiyo mmoja mmoja. Picha ikibanwa sana, mipaka ya miraba inaanza kuachana kidogo, jicho halioni, lakini filta inaona. Kwake mpaka ni mpaka, uwe wa kanzu au wa mraba. WhatsApp hubana picha inapopita, basi ulichofanya ni kunoa alama za kubanwa. Mwambie mwenzako azitume upya kama dokumenti, au apande boda akuletee kadi ya kamera. Kwenye zile ulizo nazo, noa mazulia na vikapu vya zawadi tu, nyuso usizinoe kabisa.

Gomesi, yale magauni ya sherehe ya akina mama wa Uganda, nazo zina mambo yake. Hariri ile inang'aa, mikunjo ya mshipi tayari ina mwanga mkali, ukiinoa inageuka bati. Mimi huweka maski kwenye leya iliyonolewa, ni kama pazia, palipopakwa nyeusi panafichwa; napaka rangi nyeusi juu ya kitambaa chote, naacha macho, midomo, na vile vifungo viwili vya upande wa kushoto. Mama mwenye gomesi akiviona vifungo vyake vimekaa sawasawa, haulizi kingine.

*Mama fundi, habari za kazi. Mimi ni mwanafunzi hapa Arua. Filta yangu ya kunoa haifanyi lolote. Naburuta kipimo mpaka mwisho, picha iko vilevile. Siku nyingine jina lake kwenye menyu limefifia hata halibonyezeki. Nisaidie.*
*Mwanafunzi, Arua*

Nzuri, mwanangu. Hayo ni magonjwa mawili, na la kwanza lina sababu kama tatu hivi.

Kuna uwezekano uliteua kipande cha picha, sema kona ya juu, ukasahau. Filta inafanya kazi ndani ya uteuzi tu. Wewe unatazama uso, yenyewe inanoa kona. Bonyeza Shift, Ctrl na A uteuzi uondoke, ujaribu tena. Kama bado, tazama orodha ya leya. Je, umesimama kwenye leya ya maandishi au leya tupu iliyo juu? Utanoa hewa.

Sababu ya tatu ndiyo iliyomtoa machozi msichana anayenisaidia studio, asubuhi nzima ya Jumamosi. Leya ilikuwa na maski, na maski ndiyo iliyokuwa imebonyezwa. Maski yenyewe ilikuwa nyeupe yote. Ukinoa kitu cheupe chote, hakina mpaka hata mmoja, kinabaki cheupe. Filta ilifanya kazi yake kwa uaminifu na hakuna kilichobadilika. Angalia vile vipicha viwili vidogo kwenye orodha: chenye fremu nyeupe ndicho kinachopokea amri zako. Bonyeza kile cha picha. Nilipomwonyesha alinitazama kana kwamba nilikuwa nimemficha.

Jina kufifia ni jambo jingine. Huenda picha iko katika hali ya rangi za faharasa, kama faili za GIF na baadhi ya PNG za nembo, ambapo rangi zote ni 256 tu kwa wingi. Kunoa kunahitaji rangi mpya za katikati, na humo hazina nafasi. Nenda menyu ya Image, kisha Mode, chagua RGB.

*Binti, salaam. Nina picha moja tu ya marehemu mama yangu, imepigwa zamani na mpigaji alitikisika. Nilimpelekea kijana mmoja mwenye kompyuta akasema ataisafisha. Amenirudishia picha ya mwanamke mwenye macho mazuri sana, lakini si mama. Pesa amekula. Je, wewe una filta ya kweli?*
*Mzee, Gulu*

Shikamoo mzee wangu, na pole. Nitakwambia ukweli: sina, na hakuna mwenye nayo.

Filta ya kunoa haileti kitu kisichokuwepo. Inakaza mipaka iliyopo. Picha iliyotikisika haina mpaka mmoja wa jicho, ina mipaka kadhaa iliyopandana, kama mtu aliyeandika mstari juu ya mstari. Ukiinoa unapata macho manne. Kijana yule nadhani aliligundua hilo akakimbilia programu za akili bandia. Hizo zimefundishwa kwa nyuso nyingi mno, na zikikuta ukungu zinachora jicho ambalo kwa kawaida lingekaa hapo. Ni jicho la watu wengine. Wewe uliyemjua mama ndiye uliyeweza kusema si yeye. Kompyuta haina namna ya kujua.

Kuna watu waliwahi kuufuta ukungu kwa hesabu, nisije nikaonekana nakataa kila kitu. Darubini ya Hubble iliporushwa na Wamarekani mwaka 1990, kioo chake cha mita 2.4 kiligundulika kimesuguliwa vibaya, ukingoni kimekuwa bapa kupita kiasi kwa mikromita kama 2.2 tu, kitu chembamba kuliko unywele mara nyingi. Picha zikaja na ukungu. Hadi wanaanga walipokwenda kuirekebisha Desemba 1993, wataalamu walikuwa wakizisafisha kwa hesabu huku chini. Waliweza kwa sababu nyota inajulikana kuwa ni nukta, basi wakiitazama nukta iliyovurugika wanajua kioo kinavuruga vipi, na wanarudi nyuma. Mkono wa yule mpigaji picha ulivyotikisika siku ile, hakuna aliyeuandika.

Linalowezekana ni hili. Usimpe mtu picha ya picha iliyopigwa kwa simu. Itoe kwenye fremu taratibu; ikiwa imeshikana na kioo usiivute, iache, iskaniwe na kioo chake. Iskaniwe kwa nukta 600 kwa inchi. Mikwaruzo na madoa yanafutika, weusi uliochujuka unarudishwa, hiyo ni kazi ya siku moja na si uganga. Halafu ichapwe ndogo. Nasema ndogo kwa makusudi. Ukungu unaoonekana kwenye karatasi ya A4 haumsumbui mtu kwenye picha ya sentimita 9 kwa 13, jicho haliufikii. Wengi huja kwangu wakitaka mama akuzwe ajae ukuta, nami nawaonyesha zote mbili mezani wachague. Wakikuza wanaona ukungu. Wakipunguza wanamwona mtu.

Na yule kijana, mzee, mwambie akurudishie faili la asili kama aliskani mwenyewe. Pesa huenda usizione, lakini faili ni haki yako.

*Hajati, picha zangu kwenye kompyuta ni kali kama wembe. Nikiziweka kwenye simu kwa wateja zimelegea. Kamera ni ya megapikseli 24. Tatizo liko kwenye simu?*
*Mpiga picha, Jinja*

Hapana, umekosea mpangilio wa kazi. Picha yako ina pikseli 6000 kwa upana, unainoa kwa Radius ya 1, kisha unaipunguza hadi 1080. Umeigawa kwa karibu 5.6, na ule mpaka wa pikseli moja uliokaza sasa ni chini ya moja ya tano ya pikseli. Umepotea.

Punguza kwanza hadi ukubwa wa mwisho, noa baadaye, kwa Radius ndogo ya 0.4 au 0.5. Hifadhi kwa ubora wa 90. Ya kuchapa sentimita 10 kwa 15 nayo iwe na faili lake, pikseli 1200 kwa 1800 kwa inchi nne kwa sita, na hiyo unaweza kuizidishia nguvu kidogo kuliko inavyopendeza kwenye skrini, maana wino hutanuka kwenye karatasi. Ile ya 6000 iache bila kunolewa kabisa. Mteja atarudi Desemba anataka bango la mlangoni, na utaanzia hapo.